Posa Iliyokwama Kwenye Herufi S

Mikumi, 12 Januari 2025

Mjomba Ditram,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha usingizi, maana malori ya Zambia hayalali na sisi tunaokaa kando ya barabara hatulali nayo. Bibi Paulina mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako, anajua kutofautisha. Mama amepiga simu kutoka Munisagara: mahindi yamestawi, na tumbili nao wamestawi.

Mjomba, nije kwenye jambo. Kabla ya Krismasi mshenga wa kina Mathias alikuletea barua ya posa, imefungwa kwenye leso kama inavyotakiwa. Anasema uliipokea kwa mikono miwili, ukamlisha wali, ukamsindikiza mpaka stendi, na muda wote huo hukutamka neno lolote linalohusu ndoa. Alirudi ameshiba, hana jibu.

Jumapili nilikupigia. Ukasema mashine ya kusaga inanguruma, hunisikii. Mjomba, nilikuwa nimetoka kuongea na Bibi muda huohuo, akaniambia hapo Mabwerebwere umeme umekatika tangu alfajiri.

Mama anasema kwa ukoo wetu kazi yake ilikuwa kunizaa, mwenye kinywa ni mjomba. Na kwetu mjomba hajibu posa peke yake. Anakaa mkeka mmoja na mkewe, mshenga akiwa mbele yao, na wote wawili wanasema ndiyo, au wote wawili wanasema hapana. Najua Anti Editha yuko Berega tangu mwaka juzi, anamuuguza mama yake. Lakini Berega si Ulaya, Mjomba. Hata kuku wanafika.

Mathias unamjua. Ana kibanda cha pancha hapa barabarani, anafanya kazi, anasali, na anacheka hata mtu akimsimulia kichekesho kibaya, jambo ambalo kwa familia yetu litamsaidia. Naomba jibu.

Mpwa wako,
Domina


Mabwerebwere, Kilosa, 2 Februari 2025

Mpwa wangu Domina,

Marahaba. Bibi yako kapokea shikamoo yake, kauliza mbona fupi. Anaendelea vizuri, amegombana na jogoo wa jirani na mpaka sasa anaongoza. Mashine nayo nzima. Barua yako nilikabidhiwa na Nassir, konda wa basi la Mikumi, ikiwa na mafuta ya vitumbua, kwa hiyo kuna mistari niliisoma kwa hamu zaidi.

Simu uiache. Mambo ya posa hayasemwi kwenye simu. Kwenye simu mtu anaweza kusema ndiyo huku anajikuna goti.

Sasa nikueleze kilichonichelewesha. Muuza karanga wa stesheni alikuwa anafungia karanga kwa kurasa za kamusi kubwa ya Kiingereza. Nilipomgundua alikuwa ameshauza A mpaka R. Nikanunua kilichobaki. Kwa hiyo Kiingereza changu kinaanzia S, na mtu akiniuliza jambo la kabla ya hapo namwelekeza kwa waliokula karanga.

Humo nimekutana na kipande cha neno, kinaandikwa syn, kinatamkwa sin. Ni Kigiriki cha kale, maana yake pamoja. Kinajibandika mbele ya maneno ya Kiingereza na kuyageuza kuwa mambo ya watu wengi. Lakini kila neno linakuwa na kipande cha pili, na vipande vya pili vingi vinaanza na herufi zilizoondoka na karanga. Unaona shida yangu. Nina pamoja, sina pamoja na nini.

Zamani mposaji alilima ukweni kabla hajajibiwa. Shamba langu mimi ni robo eka ya mihogo, na mihogo yenyewe inajitegemea. Basi Mathias atanilimia kwenye kamusi. Aniletee maneno yenye kipande hicho, hasa yale yaliyoingia mpaka kwenye Kiswahili chetu, na kwa kila neno anieleze nusu ya pili. Barua yake ya posa ipo salama kabatini.

Anti yako bado yuko Berega, mgonjwa anahitaji uangalizi.

Mjomba wako,
Ditram


Mikumi, 20 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi mwambie hii hapa ni yake, ndefu: shikamoo sana, na pole kwa vita vya jogoo, na hongera.

Nilidhani Mathias atakasirika. Akauliza tu, “Hakuna jembe?” Nikamwambia hakuna. Akasema basi amepona, akatafuta kipande cha boksi na kuandika kwa mkaa: PANCHA. UPEPO. MANENO YA SIN. Tangu hapo hakuna dereva anayeondoka na tairi lake bila kuulizwa.

Wa kwanza alitoa simenti, akasema hakuna kitu duniani kinachounganisha kama simenti. Wa pili akatoa sindano, kwa sababu inaunganisha nguo. Wa tatu akasema simu, watu wawili wakagombana mbele ya jeki kuhusu kama simu inaunganisha au inatenganisha. Mmoja wao alikuwa na mke Tunduma, ndiye aliyesema inatenganisha.

Kisha akaja dereva wa Lubumbashi aliyewahi kukaa seminari. Huyo tulimwekea kiti. Akasema sinagogi ni kukusanywa pamoja. Simfoni ni sauti pamoja, ngoma na tarumbeta na filimbi zote zikikubaliana. Sinonimu ni majina pamoja, maneno mawili yanayobeba maana moja. Na simposia, hilo la mikutano ya wasomi, asili yake ni kunywa pamoja. Mathias akamwambia, “Kumbe hapo nyuma ya kibanda changu kila Jumamosi kuna simposia.” Dereva akacheka mpaka akalipia pancha ya mwenzake.

Sinodi, ule mkutano wa maaskofu na wachungaji, hakuimaliza. Utingo wake garini alikuwa anapiga honi. Mwalimu mmoja aliyepita na pikipiki akatoa silabasi, akaapa ni jamaa yao. Tunazileta zote, uchambue.

Mjomba, hapo ni zaidi ya robo eka. Leso ya watu bado iko kwako.

Domina


Mabwerebwere, 9 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza, unga unashika unyevu, wateja wananilaumu mimi.

Nimechambua. Simenti, sindano na simu nimeziweka nje, zikae na wenzao wasio na kadi ya mwaliko. Silabasi ndiyo iliyonifurahisha. Kamusi inasema ilizaliwa kwa makosa: mnakili wa zamani alisoma neno moja vibaya, akaandika jingine, halafu wasomi wakaja kulitafutia ukoo na kulipachika kwa kina syn. Yaani limeingia harusini kwa mlango wa jikoni, likakaa meza ya mbele, na mpaka leo walimu wanalipigia saluti.

Haya mengine safi. Na nimegundua tabia ya hiki kipande. Ni mtu wa kuridhisha majirani. Akikaa mbele ya p au b au m anageuka sim. Akikaa mbele ya l anageuka sil. Kuna mahali anaiacha n yake kabisa, kama kwenye sistimu, ambayo ni kusimamisha vitu pamoja. Hana makuu. Anabadilika ili aliye pembeni yake asipate shida kutamka.

Sasa sikia balaa. Nilikuwa namsomea Bibi yako matokeo. Unajua enzi za usichana wake alilea watoto wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge nje ya mji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatema ganda la muwa.

“Kigiriki cha nani hicho?”

“Cha Wagiriki, Mama. Pamoja ni syn.”

“Pamoja ni mazi. Nikitaka watoto twende wote nilikuwa nasema ela, mazi, nao wanakuja. Ningesema hilo lako wangebaki wamekaa.”

“Mama, kitabu kinasema syn.”

“Kitabu kimewahi kumwogesha Mgiriki?”

Niliangalia kwenye M, halafu nikakumbuka M imeliwa.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Mathias anitafutie mtu anayejua kweli. Kama pamoja ni mazi, hii syn ilitoka wapi na ilikwenda wapi? Siwezi kujibu posa nyumba ikiwa imegawanyika namna hii.

Mjomba wako,
Ditram


Mikumi, 30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na ya Bibi hii hapa: shikamoo, na kitabu hakijawahi.

Kaa chini kabla hujaendelea.

Wiki iliyopita mchungaji mstaafu wa Berega alipasukiwa na tairi hapa. Mathias akamuuliza kama kawaida. Mzee akasema Kigiriki alisoma chuoni, vitabu viko nyumbani, kijana akipenda aende. Mathias akafunga kibanda, akaenda. Alipita Kilosa na hakukanyaga kwako, kwa sababu mposaji hafiki ukweni kabla ya jibu. Nataka ulijue hilo.

Mchungaji amewapatanisha wewe na Bibi. Syn zamani lilikuwa neno zima lenye miguu yake, linatembea lenyewe katikati ya sentensi. Karne zikapita, watu wa nyumbani wakalizoea mazi, na syn likaacha kutembea peke yake. Siku hizi wanalitumia kwenye hesabu, tano syn tatu, na kwingine kote linaishi kwa kuegemea maneno mengine. Kwa hiyo kamusi ni kweli na Bibi ni kweli. Na sinodi ni njia pamoja: watu waliofuata barabara moja mpaka wakakutana.

Baada ya hapo Mathias akaona njaa, akaingia mgahawa ulio karibu na hospitali, wanakokula watu waliokuja kuuguza. Nakuandikia alivyonisimulia.

“Umetoka wapi mwanangu na tope lote hilo?” mama mwenye mgahawa akamuuliza.

“Mikumi, mama. Nimetumwa neno la Kigiriki, maana yake pamoja.”

“Nani anatuma watu Kigiriki kwenye masika?”

“Mjomba wa mchumba wangu. Ndiye anayeijibu posa yangu.”

“Huyo mjomba ana mashine ya kusaga?”

“Anayo.”

“Na akiulizwa swali gumu anakwenda kukagua mkanda wa mashine, hata kama haijawashwa?”

Mathias anasema hapo aliiweka chapati chini. Yule mama alicheka mpaka akashika nguzo, wateja wakawa wanajipakulia. Halafu akaita nyuma, “Mama, njoo umwone mtu aliyetumwa pamoja.” Akaja bibi mmoja kutoka shambani, mzigo wa kuni kichwani, hana hata jasho.

Huyo, Mjomba, ndiye mgonjwa.

Anti Editha alimpa Mathias supu, akakataa malipo, akampa ujumbe nami naufikisha bila kuongeza chumvi: “Mwambie mgonjwa wangu amepona tangu mwaka jana mwezi wa nane. Mimi sijafuatwa.”

Domina


Mabwerebwere, 11 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua ni nyingi. Nassir anasema barabara imekatika mahali pawili, kwa hiyo sijui hii itakufikia lini.

Ufafanuzi wa mchungaji ni mzuri sana. Mpe Mathias pongezi. Nimeupenda huo mfano wa neno lililoacha kutembea peke yake. Bibi yako kasema aliujua siku zote.

Hiyo supu ilikuwa ya nini? Ya mbuzi au ya ng'ombe? Na mgahawa una viti vya plastiki au mabenchi? Wateja ni wengi? Mwenye mgahawa alikuwa amenenepa, amekonda, au yuko vilevile? Nauliza kwa niaba ya Bibi yako.

Halafu nimeona neno sindromu. Naomba Mathias aliangalie.

Barabara ya Berega naambiwa ina tope.

Ditram


Mikumi, 4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili. Ya kwanza Nassir aliiweka kwenye suruali na mkewe akaifua. Anasema alikupelekea hivyohivyo na ukaipokea, ukaianika, na ukasema kinachosomeka ni Mjomba mwanzoni na Domina mwishoni. Nassir anasema ulionekana umefarijika.

Narudia, kwa kifupi, na safari hii nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Supu ilikuwa ya mbuzi. Mabenchi. Wateja wengi. Amenenepa kidogo na imempendeza. Bibi nimemuuliza kwa simu, anasema hajawahi kuulizia supu ya mtu.

Sindromu ni kukimbia pamoja, dalili nyingi zinazotimua mbio kwa wakati mmoja. Mathias amelipata kwa daktari aliyekuja kujaza upepo. Ni neno la mwisho utakalopata kutoka kwake, si kwa sababu amechoka. Yeye amenogewa, juzi alimsimamisha askari wa usalama barabarani amuulize. Ni kwa sababu baba yake, Mzee Innocent, amechoka. Amesema mahindi yakiingia ghalani bila jibu, watahesabu kwamba tumekataa, na mshenga atakuja kuchukua leso yao. Hatakula wali.

Kwa hiyo nakuambia usichotaka kuambiwa, na unisamehe, wewe ni mjomba wangu na nakuheshimu. Humwogopi Mathias. Unaogopa mkeka. Huwezi kukaa peke yako ujibu, na ili mkae wawili lazima uende Berega, na ukifika Berega lazima useme kitu. Ndiyo maana tunasoma Kigiriki.

Kamusi yako inaanzia S, Mjomba. Sori imo humo.

Nililia kidogo nilipoandika ile iliyofuliwa. Hii nimeiandika huku nacheka, kwa sababu Mathias amekaa hapa ananiuliza kama nguo zilizofuliwa pamoja na barua zina jina kwa Kigiriki. Ninampenda huyu mtu, Mjomba. Usinipotezee.

Domina


Berega, 8 Juni 2025

Mpwa wangu Domina,

Marahaba. Angalia juu hapo nilikoandikia. Ndiyo, ni hapo.

Sikumuaga mtu. Mashine nimemwachia Bibi yako na kijana wa kumwashia, barua ya posa ya Mathias nimekuja nayo. Wateja wananitumia salamu za malalamiko, wanasema vipimo vimekuwa vya haki mno.

Nilifika mchana. Mama mkwe alikuwa uani anaanika mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kuanika.

“Umekuja kusalimia au umekuja kusaga?”

“Nimekuja kumfuata mke wangu, mama.”

“Mke wako yupi? Mimi nilimwozesha msichana asiyejua hata kukaanga kitunguu. Huyu aliyeko hapa ana mgahawa. Huyo hujamposa.”

Nilidhani anatania. Nikamweleza kwamba nimekuwa na shughuli za utafiti, nikamgusia kidogo kuhusu syn, jinsi lilivyoacha kutembea peke yake. Alinisikiliza vizuri. Akasema, “Hicho Kigiriki kiweke hapo juu ya jiwe kisilowe. Chukua gunia.”

Tangu hapo napukuchua mahindi. Asubuhi napukuchua, jioni nabeba. Vidole vyangu vimekuwa kama vya mtu mwingine, mtu mwenye bidii. Yeye ana miaka inayokaribia themanini na ananipita kwa debe.

Anti yako namwona. Anapita, ananiwekea chai, anasema, “Pole na kazi, baba,” kama anavyowaambia wateja. Siku ya tatu nilimsubiri mlangoni, nikamwambia lile neno ulilosema limo kwenye kamusi. Nililitamka kwa Kiswahili, samahani, ni refu zaidi na halikukwama. Akaniangalia. Akasema, “Nimesikia. Sasa fuata utaratibu.”

Utaratibu ni barua ya posa. Nimeiandika, nimenunua leso mpya. Lakini mposaji hajipelekei barua, lazima mshenga, na wazee wa hapa kila ninayemwomba anaanza kucheka kabla sijamaliza. Mmoja alilazimika kukaa chini.

Domina, naomba unisemee kwa Mathias. Awe mshenga wangu. Najua ni kinyume, kijana kumposea mzee, tena mzee aliyemkalia posa. Lakini ukoo huu unamjua tayari, na mama mkwe anamsifia kuwa ni mtu wa kutumwa.

Mwambie asichelewe sana. Kungoja jibu la posa ni kazi ngumu. Mtu hapati hata usingizi, akisikia mlango anainuka. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Ditram


Mikumi, 15 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo kutoka sakafuni, maana ndipo nilipoisomea barua yako na sijainuka vizuri.

Hakuna aliyewahi kukuambia? Nilikuambia Januari, nikakuambia Februari, Machi nikakuambia, Aprili nikakuambia ikafuliwa, Mei nikarudia.

Mathias amekubali. Halafu akauliza kama mshenga anaruhusiwa kumlisha mposaji wali na kumsindikiza stendi bila kumpa jibu. Nikamwambia aache. Akasema anauliza tu ajue mila. Ameazima koti la Mzee Innocent, ambalo mabega yake yanatosha watu wawili, na anafanya mazoezi mbele ya matairi: “Tumepita, tumeona ua katika nyumba hii.” Madereva wanamsahihisha. Yule wa mke wa Tunduma amemwambia aongee polepole na asitaje Kigiriki hata akiulizwa.

Mzee Innocent alipopewa habari alitaka kukasirika, ikashindikana. Amesema leso yake itasubiri mpaka ya kwako ijibiwe, kwa sababu hajawahi kuona jambo kama hili na hataki kulikosa. Anamtuma na mshenga wetu wa kwanza aongozane na Mathias, ili kama bahati itakaa vizuri, mambo mawili yaishe kwa nauli moja.

Wanafika Jumamosi ijayo. Mjomba, vaa shati lenye kola. Na ukiulizwa kwa nini hukumfuata mapema, usikague mkanda wowote.

Nakuombea. Sijawahi kumwombea mtu huku nacheka namna hii, natumaini inapokelewa.

Domina


Berega, 29 Juni 2025

Mpwa wetu Domina,

Marahaba. Hii inaandikwa na mimi, na kuna mtu amekaa pembeni anasoma kila mstari na kunikatalia baadhi.

Mathias alifika Jumamosi ndani ya koti. Koti lilitangulia, yeye akafuata. Mama mkwe alimkalisha, mimi nikaambiwa nikae nyuma ya nyumba, kwani mposaji hasikilizi posa yake. Nikakaa na bata. Kupitia ukutani nilisikia kijana anasema vizuri, polepole, bila papara. Halafu nikasikia mama mkwe anauliza, “Huyo mzee wako ana tabia gani?”

Domina, nilisogea mpaka nikaegemea ukuta. Mathias alikuwa na kila sababu ya kunichongea.

“Mama,” akasema, “ni mtu anayeogopa kidogo. Lakini akishaanza safari anafika.”

Bata wakapiga kelele, sikusikia kilichofuata. Nilichosikia ni sauti ya Editha: “Mimi nimekubali. Ila mgahawa siufungi. Ahamie yeye.”

Nikaitwa ndani. Nikaulizwa kama nimesikia sharti. Nikasema nimelisikia kupitia ukutani na nimelikubali kupitia ukutani. Basi nitahamia Berega. Bibi yako amesema mashine asinyang'anywe mtu, ameshaizoea, na wateja wa Mabwerebwere watajifunza uaminifu taratibu.

Hatukuinuka kwenye mkeka. Mathias akaambiwa sasa ni zamu yake kwenda kwa bata, akaenda na koti lake. Mshenga wenu akaingia, akaisema posa upya, safari hii akiwa na njaa. Nilimwangalia Editha, naye akaniangalia. Tukasema kwa pamoja, bila kupanga. Mshenga alitaka turudie, akidhani amesikia vibaya. Tukarudia.

Nimekunakilia jibu tulilompa apeleke. Mimi niliandika ukurasa mzima, wenye maelezo. Editha aliuchukua, akaubakiza hivi:

“Kwa Mzee Innocent na ukoo wote, Mikumi. Tumeisoma barua yenu, mimi na mke wangu, tukiwa tumekaa. Jibu letu ni ndiyo. Mtuwie radhi kwa kuchelewa. Mjomba wa binti alikuwa bado hajaoa.”

Ditram na Editha